Baada ya kiharusi mama anaongea Kisukuma tu. Kiswahili chake kimekwenda wapi?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68. Alizaliwa na kukulia Misungwi, na mpaka anakuwa msichana mkubwa alijua Kisukuma peke yake. Kiswahili alikipata kwenye kisomo cha watu wazima, halafu akakizoea sokoni, maana ameuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwangu Igoma. Kiswahili chake kilikuwa kizuri tu, anataniana na wateja, anagombana na wachukuzi. Miezi mitatu iliyopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Wiki mbili za mwanzo hakusema kitu. Alipoanza kusema kikatoka Kisukuma, tena maneno machache. Ukimwuliza kwa Kiswahili anaonekana anaelewa, ila anajibu kwa Kisukuma, au anaanza neno la Kiswahili linakwama, anapiga paja kwa hasira. Wanangu hawajui Kisukuma, wanadhani bibi amewachukia. Kaka yangu anasema mama anafanya makusudi ili arudishwe kijijini. Jirani anasema wazee wa ukoo wanamwita. Mhudumu mmoja wa afya alituambia tumsemeshe Kiswahili tu na Kisukuma tukiache kabisa, la sivyo atachanganyikiwa. Tangu tuanze hivyo amezidi kunyamaza. Je, Kiswahili kimefutika? Kitarudi? Na tuendelee kumnyima Kisukuma?"*

Marahaba, ndugu yangu, na poleni sana na kuuguza. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri. Msiendelee kumnyima Kisukuma. Mrudishieni leo, kabla hamjafanya lolote jingine ninaloeleza hapa chini. Mama amebakiwa na lugha moja anayoweza kuombea maji na kusemea maumivu, nanyi mmeambiwa mjifanye hamuisikii. Mtu yeyote angenyamaza.

Aliyewashauri naamini alikuwa na nia njema. Ushauri wa namna hiyo una umri mrefu, na umetolewa hata na watu wenye elimu kubwa, kwa dhana kwamba ubongo ulioumia hauna nafasi ya lugha mbili na lazima moja ipishe nyingine. Dhana hiyo haikuthibitika. Nitaurudia ushauri huo baadaye, kwanza tuelewane kuhusu kilichompata mama.

Kwa zaidi ya watu 9 katika kila 10 wanaotumia mkono wa kulia, kazi ya lugha hufanywa hasa na upande wa kushoto wa ubongo. Upande huohuo ndio unaoamrisha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kiharusi kilichomlegeza kulia kimemgusa na usemi. Mwaka 1861 daktari wa Paris, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa aliyeelewa mengi aliyoambiwa lakini kinywani mwake ikitoka silabi moja tu, "tan". Alipofariki, Broca aliufungua ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza sehemu nyingine, ya nyuma zaidi juu ya sikio, ambayo ikiumia mtu husema kwa wepesi lakini maneno hayashikani, na ya wenzake hayaelewi vizuri. Kupotewa na lugha kwa sababu ya jeraha la ubongo tunakuita afasia. Kwa maelezo yako, mama anafanana zaidi na yule wa Broca. Anaelewa kuliko anavyoweza kusema.

Afasia haigusi akili ya mtu kwa ujumla wake. Mama anajua nani ni nani, anajua amelala kwa nani, na nina hakika ukimpitisha Mwaloni atajua dagaa wamepanda bei. Mwambie kaka yako aangalie lile paja linalopigwa. Anayefanya makusudi hana sababu ya kukasirika neno linapokwama. Hasira ile inaonyesha kwamba neno analijua, analitafuta, na anajiona akilikosa. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa anajifanya, anaumia mara ya pili, na mimi huona familia zikigombana miaka mingi kwa kauli moja ya aina hiyo.

Kuhusu wazee wa ukoo sitabishana na jirani. Kama kwenu kuna namna ya kumwombea mgonjwa, mwombeeni. Ninachosihi ni kwamba pasitokee mtu wa kumwachisha dawa za presha kwa sababu hiyo. Lugha iliyotangulia kurudi ina maelezo ndani ya ubongo, na maelezo hayo ndiyo yanayotuonyesha la kufanya.

Mtoto anayezaliwa Misungwi huanza kuzoea mdundo wa Kisukuma angali tumboni. Ndani ya mwaka wake wa kwanza ubongo unajipanga kwa sauti za lugha anayoisikia: zile zinazotumika anazinoa, zisizotumika anazipuuza. Kisukuma ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, jambo ambalo Kiswahili hakina. Haya yote mtoto anayashika bila kufundishwa kanuni hata moja. Sarufi ya lugha ya kwanza inakaa katika kumbukumbu ya ustadi, ileile inayotuwezesha kutembea, kuogelea au kusuka ukili bila kufikiri kila hatua. Uliza mzee yeyote wa Kisukuma kwa nini kitenzi kinaanza hivi badala ya vile. Atakwambia ndivyo tunavyosema, basi.

Lugha ya pili inayokuja ukubwani huingia kwa mkondo mwingine. Mwanzoni inategemea zaidi kumbukumbu ya maarifa, ile tunayohifadhia majina, tarehe na mambo tuliyoelezwa. Michael Ullman, mtafiti wa Marekani, ndiye aliyeieleza tofauti hii kwa uwazi kuliko wengi: maneno ya lugha zote mbili hukaa katika kumbukumbu ya maarifa, lakini kanuni za lugha ya pili nazo hukaa humo kwa muda mrefu, mpaka matumizi mengi yazisogeze taratibu kwenye ustadi. Mama yako huenda ni wa kizazi kilichofuata mradi mkubwa wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, uliokuwa na makao hapa Mwanza kuanzia 1968 hadi 1972, ambao masomo yake ya kusoma na kuandika yaliunganishwa na kazi za watu, kilimo cha pamba kikiwemo. Wanawake wengi wa kanda yetu walikutana na Kiswahili kwa njia hiyo: ubaoni, kwa macho, wakiwa watu wazima. Kisha mama akaenda Mwaloni, mahali ambapo Mkerewe, Mhaya, Mjita na Mjaluo wanauziana samaki kwa Kiswahili kuanzia alfajiri. Kiswahili chake hakikubaki cha ubaoni. Mtu anayetaniana na kugombana kwa lugha fulani ameshaifanya kuwa ustadi, angalau kwa sehemu kubwa.

Watu wengi hufikiri kwamba kila lugha ina chumba chake kichwani, na kwamba kiharusi kimebomoa chumba cha Kiswahili. Wanasayansi nao walilitafakari sana hilo. Mwaka 1997 kikundi cha watafiti wa New York kiliwapima watu 12 wenye lugha mbili kwa mashine inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Waliojifunza lugha zote mbili utotoni, zilitumia eneo lilelile la mbele, lile la Broca. Waliojifunza ya pili ukubwani, zilitumia sehemu mbili zilizo jirani ndani ya eneo hilo. Kwenye eneo la Wernicke hapakuwa na tofauti ya maana. Matokeo yale yalitangazwa sana, na wengi wakabaki na picha ya vyumba viwili. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kwa sehemu kubwa lugha mbili hutumia mtandao uleule, na kadiri mtu anavyoimudu lugha ya pili ndivyo zinavyozidi kulingana. Kinachoongezeka kwenye lugha ya pili ni kazi ya usimamizi. Hapa ndipo penye jibu la mama, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Mtu mwenye lugha mbili hazimi moja anapotumia nyingine. Zote mbili zinakuwa macho. Mama alipokuwa akimwambia mteja bei kwa Kiswahili, Kisukuma nacho kilikuwa kikipanda kwa wakati uleule, na ubongo wake ulilazimika kukishikilia kisitoke. Kazi hiyo ya kushikilia na kuachia hufanywa na mtandao unaohusisha sehemu ya mbele ya ubongo pamoja na vituo vilivyo ndani kabisa, chini ya gamba la nje, hasa upande wa kushoto. Na lugha yenye nguvu zaidi ndiyo inayohitaji kushikiliwa kwa nguvu zaidi. Mwaka 1999 Renata Meuter na Alan Allport walilionyesha hili kwa jaribio rahisi. Waliwapa watu wenye lugha mbili kazi ya kutaja tarakimu, mara kwa lugha moja, mara kwa nyingine. Ungetegemea kuhamia kwenye lugha dhaifu ndiko kuwe kugumu. Ikawa kinyume: waliposhuka kutoka lugha dhaifu kurudi kwenye lugha yao ya kwanza ndipo walipochelewa zaidi, kwa sababu lugha ya kwanza ilikuwa imebanwa kwa nguvu na ilichukua muda kuiachia.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwa mama. Ili aseme Kiswahili, ubongo wake lazima uzuie Kisukuma, utafute neno la Kiswahili, uliendeshe mpaka ulimini, na uendelee kuzuia wakati wote huo. Ili aseme Kisukuma hana wa kumzuia kwa kiasi hicho. Kiharusi kikigusa mtandao wa usimamizi, au kikipunguza nguvu zilizopo kwa ujumla, lugha yenye gharama ndogo ndiyo itakayopita. Kivuko cha Kamanga kikisimama, Sengerema haijahama. Watu wako kulekule na mizigo yao, kilichokosekana ni cha kuwavusha. Na wewe mwenyewe umeniletea ushahidi kwamba Kiswahili cha mama kiko kulekule: anakielewa, na tena anaanza neno halafu linakwama. Neno lililofutika halina mwanzo.

Usidhani lakini kwamba lugha ya kwanza hushinda siku zote. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za zamani zaidi ndizo zinazostahimili ugonjwa, na wengi wakachukua hiyo kuwa kanuni: lugha ya mama itarudi kwanza. Mwaka 1895 Albert Pitres, naye Mfaransa, akaonyesha wagonjwa ambao ilirudi kwanza lugha waliyokuwa wakiitumia zaidi karibu na siku ya kuugua. Na mwaka 1993 Salvatore Aglioti na Franco Fabbro wa Italia wakaeleza kisa cha mwanamke wa upande wa Verona, ambaye maisha yake yote aliongea lahaja ya kwao na Kiitaliano sanifu akikitumia kwa nadra. Kiharusi kikampiga kwenye vile vituo vya ndani, upande wa kushoto. Aliporudi kusema, akasema Kiitaliano sanifu, lahaja ya mama yake ikawa haitoki, na familia yake ikashangaa kama mnavyoshangaa ninyi, kwa mwelekeo wa kinyume. Nakutajia kisa hiki ili umwonyeshe kaka yako: mama yule hakuwa na kijiji cha kutaka kurudishwa.

Mtu aliyejitolea zaidi kukusanya visa hivi ni Michel Paradis wa Kanada. Mwaka 2001 alipitia wagonjwa 132 wenye afasia na lugha zaidi ya moja. Asilimia 61 walirudiwa na lugha zao zote kwa pamoja na kwa kiwango kinacholingana na walivyozimudu zamani. Asilimia 18 walirudiwa na moja vizuri kuliko nyingine, asilimia 9 walizichanganya bila kutaka, asilimia 7 ilirudi moja tu, na asilimia 5 zilirudi kwa zamu, ya kwanza kisha ya pili. Na kwa kuwa madaktari huandika zaidi visa vya ajabu, wale wa kurudi kwa pamoja huenda ni wengi kuliko hapo. Kwa hiyo mama yuko kwenye kundi dogo, lakini kundi linalojulikana.

Kuna kisa kingine cha Paradis na wenzake, cha mwaka 1982, ambacho kwangu ndicho kinachotoa matumaini kuliko vyote. Mtawa mmoja aliyekuwa muuguzi wa watoto Rabat, Morocco, alizungumza Kifaransa na Kiarabu. Baada ya kuumia kichwa kwenye ajali ya pikipiki ndogo, siku fulani aliweza kusema Kiarabu na Kifaransa kikamgomea, siku nyingine ikawa kinyume. La kushangaza zaidi, siku ambayo lugha moja ilimgomea kuisema mwenyewe, aliweza kutafsiri sentensi kuipeleka kwenye lugha hiyohiyo. Maana yake ni kwamba lugha ilikuwapo muda wote, ila njia ya kuifikia ilifunguka na kufungika. Wagonjwa wa namna yake ndio waliotufanya tuache kuzungumza juu ya lugha iliyofutika.

Je, Kiswahili kitarudi? Sitakuahidi, kwa sababu sijamwona mama wala picha ya ubongo wake. Ninachojua ni kwamba nafuu ya kasi hutokea hasa miezi mitatu ya mwanzo, huendelea kwa mwendo wa polepole miezi inayofuata, na kwa wengi haikomi hata baada ya mwaka, mradi mgonjwa anaendelea kuongea na watu. Miezi mitatu ni mapema mno kuamua kama Kiswahili chake kimechelewa au kitabaki dhaifu. Dalili mbili ulizozitaja, kuelewa na kuanza maneno, ni dalili njema. Anaweza kurudi kwenye Kiswahili cha kutosha kuishi nyumbani kwenu bila kurudi kwenye kile cha kugombana na wachukuzi, na hata hiyo ingekuwa nafuu kubwa.

Sasa ule ushauri wa lugha moja. Hofu iliyo nyuma yake ni kwamba lugha mbili ni mzigo. Mwaka 2016 Suvarna Alladi na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 608 wa kiharusi wa Hyderabad, India, mji ambao kama Mwanza watu wake huishi na lugha kadhaa kwa siku. Waliokuwa na lugha mbili au zaidi, asilimia 40.5 walibaki na uwezo wa akili wa kawaida baada ya kiharusi. Waliokuwa na lugha moja, asilimia 19.6. Afasia yenyewe iliwapata makundi yote mawili kwa kiwango kisichotofautiana, kwa hiyo lugha ya pili haikumkinga mtu na afasia, lakini haikumwongezea tatizo pia. Kwenye mazoezi ya usemi nako, kufanyia kazi lugha moja mara nyingi husaidia na nyingine, hasa kwa maneno yanayofanana. Hapo mna bahati, kwa kuwa Kisukuma na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu. Ngeli zinafanana kwa mpangilio, na maneno kama ng'ombe ni yaleyale.

Kwa hiyo anzieni kwenye lugha iliyo wazi, na Kiswahili kiwe kando yake. Asubuhi mtu amwamkie kwa "Mwangaluka". Salamu, sala, nyimbo za kanisani na kuhesabu ni usemi wa mazoea. Mara nyingi hubaki hata pale sentensi za kujitungia zimekwama. Mtu asiyeweza kutaja jina la binti yake anaweza kuimba ubeti mzima. Jaribuni wimbo anaoupenda, kwanza wa Kisukuma, baadaye wa Kiswahili, mwanze pamoja naye na mnyamaze katikati ya mstari mwone kama atamalizia. Fedha alizihesabu kwa lugha gani pale sokoni? Kama ni Kiswahili, wekeni sarafu mkononi, anzeni pamoja moja, mbili, tatu. Namba zikitoka kwa Kiswahili, mmepata pa kushikia.

Kisha vitu vya kila siku. Shika kikombe, mwache akitaje kwa Kisukuma, mpongeze, halafu wewe ukitaje kwa Kiswahili kwa utulivu. Usimdai arudie. Akirudia, vema. Baada ya siku kadhaa mpe chaguo badala ya swali la wazi: "Chai au uji?" Hilo ni rahisi kuliko "Unataka nini?" kwa sababu neno analolihitaji tayari limo masikioni. Mpe muda mrefu kuliko unavyoona inafaa, hata kama kimya kinakukera. Aongee na mtu mmoja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Msipaze sauti, hajaziba masikio, na msimsemeshe kitoto, kwani ni mtu mzima na anaisikia dharau. Dakika kumi na tano mara tatu kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya kumchosha. Ubongo uliojeruhiwa huchoka haraka, na jioni Kiswahili kitakwama zaidi kuliko asubuhi. Mkae upande wake wa kushoto mkizungumza naye, maana kiharusi cha kushoto wakati mwingine hupunguza na uwezo wa kuona upande wa kulia.

Jambo moja familia nyingi hulisahau: kusoma. Kama mama alijifunza kusoma kwa Kiswahili na hakuwahi kusoma Kisukuma, basi herufi kwake zimefungamana na Kiswahili. Andika kwa herufi kubwa "MAJI", "DAWA", "CHOO", kila neno kwenye kipande chake cha kadi, umwonyeshe. Wapo wasioweza kulitamka neno mpaka walione. Hata asipolitamka, anaweza kuinyooshea kidole kadi anayoitaka kwa mkono wa kushoto.

Watoto wako msiwaweke nje ya haya. Inanigusa sana kwamba wanadhani bibi amewachukia, na hilo linaweza kumalizwa leo jioni. Waeleze kwamba bibi ana kidonda ndani ya kichwa, kidonda kimekaa kwenye njia ya kutolea Kiswahili, na anawaelewa wakimsemesha. Halafu waombe wajifunze kwake. Bibi ataje kitu kwa Kisukuma, mtoto aseme jina lake kwa Kiswahili, wabadilishane. Kile kisa cha mtawa kinaonyesha kwamba njia ya kutafsiri inaweza kupitika wakati njia ya kusema moja kwa moja imeziba. Mchezo huu wa watoto unaitumia njia hiyohiyo. Tena kwa mara ya kwanza tangu augue, mama atakuwa ndiye anayefundisha. Wagonjwa wengi wa afasia wanakata tamaa kwa kuwa kila mtu anawafundisha wao.

Kukata tamaa nako tukuzungumze waziwazi. Karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi hupata sonona, na kwa mtu asiyeweza kusema ni rahisi kuikosa. Kama hata baada ya kumrudishia Kisukuma ataendelea kunyamaza, akakataa chakula, akalia mara kwa mara au akakosa usingizi, hilo litibiwe, lina dawa. Kunyamaza kunakoongezeka ghafla, ndani ya saa au siku moja, ni jambo jingine kabisa. Kukiambatana na mdomo kupinda upya, udhaifu mpya, degedege, maumivu makali ya kichwa au usingizi usio wa kawaida, msisubiri asubuhi wala zamu ya mtu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Kiharusi cha pili mara nyingi hukuta dawa za presha zimeachwa kwa sababu mgonjwa "ameshapata nafuu". Na kama anakohoa akinywa maji au chai, mwambieni daktari mapema, kwani huenda kumeza nako kumeathirika na chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Hata bila dalili hizo, ningependa aonwe ana kwa ana. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu, na ile ya Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa. Anzieni pale mnapohudhuria kliniki ya presha na muombe rufaa. Kama hakuwahi kupigwa CT scan ya kichwa, ile picha ya ubongo, ulizeni. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini mwetu, kwa hiyo msikate tamaa mkiambiwa hayupo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuwaelekeza mengi, na sehemu kubwa ya kazi itafanyika nyumbani kwenu kwa vyovyote. Mwombeni apimwe kwa lugha zote mbili. Mgonjwa akipimwa kwa Kiswahili peke yake, faili linaweza kuandikwa kwamba hasemi kabisa, au kwamba akili imepungua, na yote mawili yatakuwa si kweli. Mmoja wenu anayejua Kisukuma awepo, atafsiri anachosema mama kama kilivyo bila kukirekebisha. Kabla ya siku hiyo andikeni ukurasa mmoja: Kiswahili alikianza akiwa na umri gani, alikitumia na nani, alisoma na kuandika kwa lugha ipi, alisali na kuhesabu kwa lugha ipi, na alianza kusema neno gani, lini, baada ya kiharusi. Daktari atakayeupata ukurasa huo atakuwa amepata kitu ambacho CT scan haionyeshi.

Limebaki la kijijini. Kukaa Misungwi majuma machache na dada zake, wakipiga soga kwa Kisukuma, kunaweza kumsaidia sana. Mazungumzo ni mazoezi ya usemi, na huko atayapata bila kudaiwa. Sikubaliani na kumpeleka moja kwa moja kwa sababu wajukuu hawamwelewi, kwa kuwa Kiswahili kitakosa mtu wa kukiita na watoto watabaki na ile dhana yao. Akienda, hakikisheni zahanati ya karibu inapima presha, mazoezi ya mkono na mguu hayakatizwi, na anayekaa naye ana karatasi yenye majina ya dawa zote, saa za kuzinywa na tarehe ya kliniki inayofuata.